Neno la Fundi wa Karabai

Mafuta ya taa yana harufu inayopanda kichwani upesi, na mimi hadi leo nikiinusa mahali, iwe dukani au kwenye kibanda cha mtu anayepika chapati, mwili wangu unataka kuinuka na kuondoka. Si kwamba naichukia. Kwa miaka mitatu mizima hiyo ndiyo iliyokuwa harufu ya jirani. Tuliishi Nyalenda, mjini Kisumu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kwenye ploti yenye vyumba vilivyotazamana, mfereji mmoja wa maji ya bomba katikati, na choo mwisho kule ambako mtu alikwenda akiwa amekunja pua. Baba yangu alikuwa karani wa reli, Mtaita aliyeletwa ziwani na kazi, na katika ploti nzima Wataita tulikuwa sisi tu. Upande wa pili wa ukuta wetu aliishi Baba Akinyi, fundi wa karabai, zile taa za kupampu ambazo wavuvi wa omena huziwasha juu ya maji ili samaki wazifuate. Kibanda chake cha kazi kilikuwa Dunga, pale mashua zinapotua, lakini mafuta alirudi nayo nyumbani, kwenye shati, kwenye nywele, hata kwenye mkate aliowakatia watoto. Nikila kwao nilikula mafuta ya taa, na sikulalamika hata siku moja, kwa sababu Akinyi, binti yake, alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Tulikuwa na umri wa miaka kumi na miwili wote wawili. Tulikaa dawati moja, tulichana nywele kwa kitana kimoja, na tulikuwa tukilia pamoja hata kama aliyechapwa ni mmoja.

Mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Mama alisema nina sisimizi kwenye makalio. Kitu pekee kilichoweza kunikalisha chini ni vitabu vya upelelezi. Kila Jumapili baada ya kanisa, Mama akienda soko la Kibuye kutafuta nguo za mitumba, nilimkwepa nikaenda kwa mama mmoja mnene aliyetandaza magunia na kuuza magazeti makuukuu, vitabu vilivyochakaa na njugu karanga. Vitabu vyake vilikuwa vya kila namna, vya Kiswahili na vya Kiingereza, lakini kwangu kulikuwa na namna mbili tu: vyenye maiti na visivyokuwa na maiti. Visivyokuwa na maiti sikuvigusa. Shida ilikuwa moja. Yule mama alizifungia njugu zake kwenye kurasa za vitabu vilevile, na alichana kutoka nyuma. Kwa hiyo nilisoma kitabu kizima, mtu ameuawa, washukiwa wanne wamekusanywa sebuleni, mpelelezi amesimama, amekohoa, ameinua kidole, na hapo kitabu kinaisha! Muuaji alikwenda na njugu za watu. Nikajifunza kumtaja mwenyewe. Nilifunga macho, nikafikiri, nikasema ni huyu, na kwa kuwa hakukuwa na ukurasa wa kunikatalia, sikuwahi kukosea. Jamani, hebu fikirieni mtoto anayekua akijua kwamba yeye hakosei.

Halafu watu wazima wakanizidishia kichwa. Sabuni za kufulia zilikuwa zikipotea pale mferejini, na kila mama alimtazama mwenzake kwa jicho baya. Nikanyunyiza majivu kuzunguka mfereji, asubuhi nikakuta alama ya kandambili iliyokatika kisigino, nikazunguka ploti nikitazama miguu ya watu mpaka nikampata mwenye nayo, kijana mmoja kapera wa chumba cha mwisho. Alikana, akaapa kwa jina la mama yake, kisha akatoa vipande vinne vya sabuni chini ya kitanda. Ploti nzima ilicheka kwa wiki nzima. Baba akaanza kuniita Inspekta, na Baba Akinyi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha kukanyagana, akanipigia saluti kila alipopita. “Inspekta nyar Taita,” alisema, yaani binti wa Taita, “mimi leo sijaiba kitu. Unaweza kuangalia mifuko.” Alikuwa mtu wa mzaha, mrefu, mwenye vidole virefu vyembamba ambavyo viliweza kuingiza sindano ya kuzibulia taa kwenye kitundu ambacho mimi hata kukiona sikukiona. Nilimpenda. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nilikuwa na kinyongo naye.

Nikanunua daftari la kurasa arobaini na nane. Kwenye jalada niliandika SIRI kwa kalamu nyekundu, na ndani nikaandika kila kitu: nani katoka saa ngapi, nani kanong'ona na nani, kwa nini mwalimu wetu wa Jumapili alikuwa amekwaruzwa shingoni. Redio nayo ilinichochea. Mara kwa mara kulikuwa na kesi ya mauaji iliyowafanya watu wazima wasogeze viti karibu, wakibishana nani alidanganya kortini na nani alihongwa, na mimi nilikaa mlangoni nikijifanya nachambua mchele. Niliwasikia wakisema kwamba muuaji siku zote ni mtu wa karibu, yule usiyemdhania. Nikaliandika hilo pia. Baada ya hapo nikawa simtazami mtu yeyote bila kumtafutia kosa.

Sasa niwaeleze kuhusu lugha, kwa sababu humo ndimo nilimoangukia. Kijaluo changu kilikuwa cha kuokoteza uwanjani. Nilijua kusalimia, kutukana, na kuomba kupigiwa pasi. Nilijua *kech nega*, maana ndiyo kelele tuliyopiga sote tukitoka shule: njaa inaniua. Kwa hiyo neno la kuua nililijua vizuri sana, kuliko maneno mengine yote. Nilijua pia *kik*, la kukataza, kwa sababu nilikatazwa sana. Basi. Na ukuta ule kati yetu na kina Akinyi ulikuwa haufiki juu. Fundi aliyeujenga aliishia kimo cha mlango akaacha mwanya mpaka kwenye mabati. Ukiwa juu ya kitanda changu uliweza kusikia mtu wa upande wa pili akimeza chai.

Siku moja, ilikuwa Jumanne, alikuja pale ploti mtu anayeitwa Osewe. Alikuwa na mashua tatu za omena huko Dunga, tumbo mbele, kofia ya karatasi ngumu kichwani, na sauti ya mtu aliyezoea kuita watu ng'ambo ya maji. Alisimama katikati ya uwanja akiwa ameshika karabai. “Fundi! Wewe umetoa pampu yangu mpya, umeweka ingine ya zamani. Unafikiri mimi ni mtoto?” Baba Akinyi alitoka akiwa na taulo begani. Akakana kwa upole, Osewe akamwita mwizi mbele ya mke wake na watoto wake, na hapo ndipo nilipomwona Baba Akinyi akikasirika kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Alitupa taulo chini. “Osewe, hiyo neno utanijibu,” akasema. “Hata kama ni leo ama kesho, utanijibu.” Wamama walizuia, Osewe akaondoka akiitukana ploti yote. Nami niliingia ndani mbio kuandika. *Utanijibu*. Nilipiga mstari chini yake mara mbili.

Alhamisi ya wiki hiyo, jioni, jua likiwa bado halijazama, nilikuwa kitandani nimelala kifudifudi na kitabu. Nikasikia mlango wa kina Akinyi ukifunguliwa kwa haraka. Akinyi mwenyewe alikuwa ametumwa unga. Nikasikia Mama Akinyi akipiga ukelele mdogo, ule wa mtu anayejiziba mdomo mwenyewe, akimwita Mungu, “Nyasaye!” Kisha sauti ya Baba Akinyi ikihema: “*Asenege. Asenege chuth.*” Nikakifunga kitabu. Nimemuua. Nimemuua kabisa. Ndivyo nilivyoelewa, na neno kwa neno sikuwa nimekosea. Mama Akinyi alianza kulia, maji yakamiminwa kwenye beseni, mwanamume yule akagumia kwa maumivu, na mwishowe akasema kwa sauti ya chini, “*Kik inyis ng'ato.*” Usimwambie mtu. Asubuhi yake nilimvizia mferejini. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa mpaka kwenye kifundo, na kitambaa kilikuwa na majimaji mekundu. Hakunipigia saluti. Alipita tu, macho chini.

Jumamosi mchana maiti ya Osewe ikaonekana kwenye matete, mbele kidogo ya Dunga.

Nitasema ukweli wote, hata ule unaoniaibisha. Habari ilipofika ploti, watu wakipiga mayowe na wanaume wakikimbia kuelekea ziwani, mimi sikuhuzunika. Nilifurahi. Nilihisi mwili mzima umewaka, siwezi kusimama wala kukaa, nikaenda chooni na kurudi, nikaenda tena na kurudi, nimelibana daftari kwapani. Watu walisema maji yamemchukua, wengine wakasema alikuwa na jeraha kichwani, wengine wakasema alikuwa na maadui mpaka Homa Bay. Mimi nilijua. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitabu chenye ukurasa wa mwisho, na ukurasa wenyewe ulikuwa mkononi mwangu. Akinyi alikuja kunishika mkono kwa nguvu, kwa sababu hajawahi kukaribia maiti, na mimi nikamtazama nikawaza, maskini, hajui babake ni nani. Nilimwonea huruma kabisa. Haki ya Mungu nilimwonea huruma.

Jumapili jioni nikamwambia Baba. Baba yangu alikuwa mtu wa karatasi na sheria, mtu ambaye angeweza kurudi dukani kilomita mbili kwa sababu kapewa kiberiti cha ziada kwa makosa. Alisoma daftari lote akiwa amesimama. Kijaluo chake kilikuwa kibovu kuliko changu. Alinihoji mara tatu: una hakika? Uliyasikia kwa masikio yako? Huongezi chumvi? Nikala kiapo. Angeweza kumuuliza jirani yeyote maana ya neno lile, lakini ungemuulizaje jirani bila kumtaja jirani mwingine? Akaona aende pahali pa haki moja kwa moja. Asubuhi alinivalisha sare ya shule na kunipeleka kituoni, na hapo Mungu naye akatuachia wenyewe, kwa maana afisa aliyetupokea alikuwa kijana kutoka upande wa Mlima Kenya aliyehamishiwa kwetu majuma mawili tu yaliyopita. Angekuwa mtu wa ziwa angecheka, angenipa peremende na kunirudisha darasani. Huyu aliandika. Nilimtamkia neno, akaliandika herufi kwa herufi, na mbele yake akaandika kwa Kiingereza kile nilichomwambia kwamba ndiyo maana yake. Akalichukua daftari langu. “Msichana mwerevu sana huyu,” akamwambia Baba. Nilitembea kurudi shule nikiwa naelea.

Walimchukua siku hiyohiyo, saa saba mchana, kibandani kwake. Walipomuuliza kuhusu mkono, alisema taa imemlipukia. Walipotazama kibanda, kilikuwa kimesuguliwa kikawa safi kabisa na mchanga mpya umemwagwa chini. Nani husugua kibanda cha mafuta ya taa kama si mtu anayeficha damu? Wavuvi waliokuja kusema kwamba Osewe alionekana mzima siku ya Ijumaa walifukuzwa, eti wanamlinda fundi wao. Habari hizo zote zilitufikia kwa vipande kupitia kwa Mama Akinyi, ambaye kila asubuhi alifunga uji kwenye kitambaa akatembea nao kituoni, na mara nyingi alirudi nao.

Na mimi je? Mimi nilikwenda kwao kila siku. Nilikuwa nikimsaidia Akinyi kuchota maji, nikimshika wakati analia, nikimwambia babako atarudi, usijali. Sikuona kama nadanganya. Mpelelezi, nilijiambia, hukaa karibu na familia ya mshukiwa. Shuleni watoto walianza kumwita Akinyi mtoto wa muuaji, na nilimpiga mmoja wao ngumi ya mdomo mpaka akatoka damu. Nieleweshwe na nani hilo? Nilikuwa nimemkamatisha baba, na niko tayari kupigana kwa ajili ya binti.

Siku ya nne, baada ya shule, tulikuwa jikoni kwao sisi watatu. Mama Akinyi alikuwa amekaa kwenye kigoda, chai ikichemka kwenye stovu, yeye hana habari nayo. Ikafoka na kumwagika. Akashtuka, akanitazama mimi niliyekuwa karibu. “Nyathina, *neg mach*,” akasema. Mwanangu, ua... ua nini? Akafikiri sikusikia. “*Neg mach!*” Akinyi akanisukuma kwa bega, akainama, akauzungusha ule msumari wa stovu, na moto ukazimika. “*Asenege*,” akamwambia mama yake.

Nimeuzima.

Sikumbuki niliagaje. Nakumbuka nilisimama nje karibu na mfereji nikishika bomba lile la chuma. Nikamuuliza mama wa chumba cha nne, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba eti mtu akizima taa kwa Kijaluo husemaje. Akacheka. “*Nego taya*, nyar Taita. Sisi hapa moto tunaua. Taa tunaua. Redio pia ukitaka tunaua.” Akaendelea kufua. Baba Akinyi alikuwa amezima moto. Taa ilimlipukia kibandani, karibu na mitungi ya mafuta, akajitupa juu yake na gunia, akauzima kwa mkono wake, akaja nyumbani kumwambia mkewe kwamba hatari imepita. Na lile la usimwambie mtu? Zilizoungua zilikuwa karabai za wenye mashua, na alitaka kuzitengeneza kimyakimya, awarudishie zikiwa nzima kabla hawajapoteza imani naye. Ndiyo sababu akasugua kibanda. Kila kitu nilichokiandika kilikuwa kweli, na chote kilikuwa uongo.

Mtanitarajia niseme kwamba nilikimbia kwa Baba papo hapo. Sikukimbia. Nilinyamaza siku mbili. Nilijua mtu yuko ndani na mkono wake unaoza, kwa sababu Mama Akinyi alikuwa amesema asubuhi hiyo kwamba kitambaa kinanuka, nami nikanyamaza. Niliogopa kuchekwa. Niliogopa Baba, aliyenivalisha sare na kunishika mkono akivuka barabara kama mtu anayepeleka kitu cha thamani. Tena, na hili ndilo linalonikera kuliko yote, kulikuwa na sauti ndani yangu iliyosema: huenda bado ni yeye. Huenda alizima moto na akamuua mtu pia. Nilikuwa nang'ang'ania. Usiku nililala nikisikia ukutani upande wa pili Akinyi akigeuka kitandani, nami nageuka, yeye anageuka, nami nageuka.

Jumamosi asubuhi nilimwambia Baba akiwa ananyoa ndevu. Alishusha wembe. Hakunipiga, na ningeshukuru kama angenipiga. Alifuta povu nusu uso, akavaa koti, tukaenda. Afisa yuleyule alikunja uso, akamwita mama aliyekuwa akiuza chai langoni na kumtajia neno. Yule mama alieleza, akaelezea tena, kisha akaelewa anaulizwa kwa nini. Akanitazama mimi, akamtazama afisa, akaokota birika lake. “Yawa,” akasema tu, yaani jamani. Hakuna mtu aliyenitukana vikali kuliko yule mama kwa neno lile moja. Tukiwa njiani kurudi Baba alisimama chini ya nguzo ya simu, bado ana povu lililokauka sikioni. “Wakesho,” akaniambia, “hili tumelifanya wawili. Lakini tukilisema pale ploti hatutaweza kuishi pale. Litabaki kwetu.” Baba yangu, mrudisha viberiti! Nikamwona mtu mzima akiogopa kwa mara ya kwanza, nikaogopa zaidi.

Walimwachia Jumatatu. Alirudi akitembea polepole, amekonda, na watu wa ploti wakamwimbia. Mimi niliimba pia, kwa sauti kubwa. Madaktari waliokoa mkono, lakini vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilibaki vimekunjamana na havikunyooka tena. Nilimwona akijaribu. Alikaa kwenye ngazi na karabai kati ya magoti, ameshika sindano kwa mkono wa kushoto, anatafuta kile kitundu, anakosa, anatafuta, anakosa. Jasho lilimtoka. Kisha akaniona nimesimama. Akainua mkono ule ulioharibika mpaka kwenye paji la uso akanipigia saluti, na vidole havikunyooka. “Inspekta,” akasema. “Kuja unisaidie. Wewe una macho mazuri.” Nikaenda nikamwingizia sindano. Kuanzia hapo nikawa namwingizia sindano kila jioni, naye akinifundisha Kijaluo, neno baada ya neno, kwa uvumilivu mwingi, akihakikisha kwamba nimeelewa. Baada ya mwaka mmoja kazi ikamshinda kabisa. Walihamia Awasi, kwenye barabara ya Kericho, akafungua duka dogo la kuuza vibuyu na kamba. Kilichomuua Osewe hakijajulikana hadi leo. Walikamatwa wengine wawili, wakaachiwa, kisha kifo kingine kikaja na watu wakahamisha mazungumzo.

Vitabu vya upelelezi sikuvisoma tena. Ninaishi Kisumu bado, nimeolewa hapo, Kijaluo nakisema mpaka wageni hawajui kwamba mimi ni Mtaita. Zamani tulihitaji ukuta usiofika juu ili tusikie ya jirani. Siku hizi mtu akiuawa, kabla hajafikishwa mochari simu yangu imekwisha kuletewa picha ya mshukiwa, na watu mia wamekwisha kumhukumu, kila mmoja ana hakika, kila mmoja ana ushahidi: alivyotazama kamera, alivyoandika, alivyokosa kulia msibani. Watoto wangu nao hushiriki mabishano hayo huku wanakula. Huwa naondoka mezani. Wananiambia, “Mama nawe, unapenda kukimbia mambo,” na mimi sijawahi kuwaeleza.

Mwaka juzi Baba Akinyi alifariki, nikaenda Awasi kumzika. Akinyi na mimi tulikuwa tumeonana mara chache tu tangu utotoni, kila mara tukikumbatiana na kucheka kupita kiasi. Baada ya mazishi nilimkuta nyuma ya nyumba, anasimamia chai ya waombolezaji kwenye sufuria kubwa, kanga imefungwa kiunoni. Nikaona ni sasa ama basi tena. Miaka karibu thelathini nimebeba jambo hili, nikalimwaga pale kwenye moshi: daftari, kituo, siku mbili za kunyamaza, Baba na nguzo ya simu. Nililia mpaka sauti ikakatika. Yeye aliendelea kukoroga.

“Tulijua,” akasema.

Nikamwuliza walijua nini.

“Yote. Siku ya kwanza kabisa, yule afisa alimsomea Baba daftari lako. Alimwonyesha mpaka jalada. Baba akaeleza maana ya lile neno, wakasema anajitetea tu. Baba alipotoka alitukalisha mimi na Mama akatuambia: yule mtoto asijue kwamba tunajua. Akijua hatakuja tena hapa, na atakua na hofu.” Akaonja sukari, akaongeza kidogo. “Kwa hivyo tukakaa na wewe.”

Mpelelezi mzima mimi, mwaka mmoja kila jioni nimekaa goti kwa goti na mtu yule, na sikuona lolote usoni mwake. Nikamwambia Akinyi kwamba baba yake alikuwa na moyo wa kusamehe ambao mimi sijawahi kuuona kwa mtu mwingine.

“Ee, yeye alikusamehe,” akasema Akinyi. Hapo ndipo aliponitazama. “Mimi nilitii tu.”

Kisha akanisukumia sufuria, kwa sababu wazee wa kanisa walikuwa wamekwisha kukaa na hawajapata kitu, nikaishika upande wangu, naye akaishika upande wake.